Mtaje Aliyeingia Mwisho

Nakumbuka siku moja ya mvua za Aprili hapa Thika, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Sikuwa na nia ya kuisimulia tena. Lakini juzi Kimani, mtoto wa dada yangu anayetunza kompyuta za kiwanda kimoja kule Ruiru, alinipigia simu nikipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, hapa Kamenu. Akaniambia, "Tata," maana ndivyo anavyoniita mimi mama yake mdogo, "snapshots zimejaa kwa seva na hatuwezi izima, watu wanafanya kazi. Niko sawa nikirudisha tu?"

Nilitupa jembe chini. Rudisha! Neno lile lile, baada ya miaka yote hii! Nikamwambia asiguse kitu, aondoke kabisa kwenye kibodi, anywe chai, nitampigia mimi. Kisha nikapindua ndoo nikakaa juu yake. Sasa sikiliza na wewe, kwa sababu najua iko siku utakaa mbele ya kitufe kama hicho.

Nilikuwa bado mgeni kazini, katika kiwanda cha maziwa kwenye Eneo la Viwanda la hapa Thika. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Gathogo, mtu mfupi aliyevaa sweta ya kijani hata jua likiwaka. Tulikuwa na seva mbili: moja pale Thika, ya kupakia mizigo, na nyingine Ruiru, kwenye kituo ambako wakulima walileta maziwa. Ndani ya kila seva mlikuwa na kompyuta kadhaa ambazo huwezi kuzigusa kwa mkono, ni mafaili tu yanayojifanya mashine. Usicheke, ndiyo kazi iliyonilisha.

Mashine za namna hiyo unaweza kuzipiga picha. Ndiyo hiyo mnayoiita snapshot. Ukishapiga, diski yake inafungwa isiandikwe tena, na kila kipya kinachoingia kinaandikwa kwenye faili ya pembeni. Picha ni ya kukaa siku chache, ujaribu jambo lako, kisha uunganishe ile faili ya pembeni na diski yake. Ukiiacha, faili inanenepa, mashine inakuwa nzito, nafasi inaisha, na siku moja kila kitu kinasimama.

Zetu zilikuwa zimeachwa tangu mvua za vuli. Na kwa nini ziliachwa? Kwa sababu kwenye seva ya Thika, kitufe cha kuunganisha kiliandikwa Delete, na meneja wetu alikuwa akisikia neno kufuta anashika kifua. "Hakuna mtu atadelete kitu kwa hii kampuni," alikuwa akisema. Tulimweleza kwamba kinachofutwa ni ile picha tu, vitu vyenyewe vinabaki. Tulimweleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na Mzee Gathogo akamweleza kwa Kikuyu. Hakuna kilichoingia. Tena aliamini kwamba picha ndiyo nakala ya akiba, kwa hiyo akakataa tusinunue diski ya kuweka nakala ya kweli. Ngai! Hata leo nikitaja jambo hilo kichwa kinaniuma.

Na huko Ruiru alikuwepo Nyambura. Alikuwa karani wa muda, na tangu hizo mvua za vuli kazi yake ilikuwa kuwaandikisha wakulima wapya kwenye mashine, hasa wale wa mashariki ya Ruiru waliokuwa wamejiunga na sisi. Mtu asiyekuwa ndani ya mashine maziwa yake hayapokelewi. Aliahidiwa kwamba akimaliza kuwaandikisha wote ataajiriwa moja kwa moja, na wiki ile ndiyo alikuwa anamaliza. Kila mkulima aliyemwandika alikuwa kwenye ile faili ya pembeni. Hakuwa mahali pengine popote duniani.

Siku yenyewe mashine ya Thika ilianza kugoma, na meneja akakubali shingo upande tuunganishe. Kuizima hatukuweza, malori yalikuwa yanapakiwa mtindi. Mzee Gathogo akaangalia nafasi iliyobaki, akahamishia nakala kwenye diski aliyoazima kwa rafiki yake, kisha akabonyeza Delete meneja akiwa amesimama nyuma yetu anapumua kwa mdomo. Kazi ikaendelea nje kama kawaida. Polepole faili ya pembeni ikamiminwa kwenye diski yake, mashine ikawa nyepesi, na hakuna hata katoni moja iliyopotea kwenye kumbukumbu.

"Kumbe ni hivyo tu?" meneja akasema.

"Hapa ni hivyo," Mzee Gathogo akamjibu. "Ya Ruiru si hii. Ni host ingine, yaani seva iliyowekwa na watu wengine, na maneno yake ni mengine. Tukimaliza chai tutaenda wote. Usiiguse."

Usiiguse. Nilisikia kwa masikio yangu. Lakini meneja alikuwa na mkutano na wakulima Ruiru, akatangulia, na kwa sababu alikuwa mtu wa kutaka kushika nywila zote za kampuni, hakuhitaji mtu wa kumfungulia. Sisi tuko kantini na chai ya maziwa, simu ya mzee ikalia. Sauti ya meneja ilikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Gathogo, hii ya huku haina hayo maneno yenu ya kufuta. Iko na ya kurudisha. Si nirudishe tu?"

Mzee alikuwa na mandazi mdomoni. "Eeh, rudisha," akasema. "Unarudisha tu, basi."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, mwanangu, na mimi nimekaa pale pale nakoroga sukari. Mzee alimaanisha kuirudisha ile faili ya pembeni ndani ya diski yake. Meneja alikuwa anaangalia neno Revert, ambalo ni kuirudisha mashine nyuma, hadi siku ilipopigwa picha, na kutupa vyote vilivyokuja baadaye. Kitufe cha Thika kilichokuwa na jina la kutisha ndicho kilichohifadhi kila kitu. Hiki chenye jina la upole ndicho kilichotupa. Na wote wawili walisema rudisha, wakaelewana vizuri sana!

Mzee alisimama kabla hajameza. Akapiga simu, haikushikwa. Tukakimbilia matatu.

Tulipofika Ruiru, mlangoni alikuwa amesimama mkulima mmoja, Mzee Muturi, mwenye ng'ombe mmoja na mkebe wake wa maziwa ya mchana. Alikuwa ameandikishwa asubuhi ile ile. Ndiye aliyeingia mwisho.

"Namba yako haiko, mzee," kijana wa mizani alikuwa anamwambia.

"Haiko aje? Si huyu msichana ameniandika leo?"

Nyambura alikuwa mbele ya kompyuta. Alipanda na kushuka kwenye orodha, akapanda tena. Kisha akatuangalia, akauliza kwa sauti ndogo, "Watu wangu wako wapi?"

Na meneja, kwa moyo mweupe kabisa, akasema, "Lakini mashine iko poa! Haijazima hata dakika moja."

Ni kweli. Haikuzima. Ilirudi nyuma miezi yote ile huku inafanya kazi, na ingewapokea wakulima wa zamani bila tatizo. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, sijui lipi lilitangulia. Nakala ya seva ya Ruiru haikuwepo, kwa sababu tulikuwa tuitengeneze baada ya chai. Mzee Gathogo alitafuta ile faili ya pembeni hadi jioni. Mashine ilikuwa imeshaitupa na kuandika juu yake.

Mzee Muturi alirudi nyumbani na maziwa yake, na wengine nyuma yake vivyo hivyo. Nyambura alikuwa amefunika uso kwa leso.

Nilidhani namsaidia bosi wangu, nikamwambia, "Mzee, hili si kosa lako. Ni yeye hakuelewa."

Akanigeukia, na sijawahi kukemewa hivyo tena maishani. "Wangari, nyamaza. Huyu alijua kurudisha kumoja tu. Mimi najua kuko kuwili, na nikajibu na mandazi mdomoni. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza kitabaki nini."

Sikupenda kuambiwa hivyo. Nilikuwa nimeshachagua wa kumlaumu, na hadi leo, nitakuwa mkweli, meneja yule sijamsamehe vizuri.

Nyambura alianza upya. Wakulima wengi hawakutaka kupoteza siku nyingine kituoni, ikabidi wafuatwe nyumbani kwao. Mzee Gathogo alikuwa anamsindikiza kila Jumamosi, amebeba mwavuli, nami nikienda nao. Kwenye kila boma mzee alikuwa anasema mwenyewe, "Tulikuwa na wewe, tukakupoteza." Wengine walitupa uji, wengine walitufokea hadi tukatoka. Tulianza na Mzee Muturi. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Na leo nikiandikwa, nitabaki?"

Mzee Gathogo alifunga mwavuli wake. Kisha akajibu, "Utabaki."

Kuhusu ile ajira, meneja alisema Nyambura hakumaliza kwa wakati. Ati hakumaliza! Mzee aliingia kwenye ofisi ya mkurugenzi, tukasikia sauti hadi koridoni, na alipotoka alikuwa ameshika sweta mkononi, mara ya kwanza namwona bila hiyo sweta. Nyambura aliajiriwa, lakini baadaye sana kuliko alivyoahidiwa, na muda huo wote alikuwa anapita karibu na mzee bila kumsalimia.

Tangu hapo hakuna aliyegusa picha ya mashine yoyote kabla mzee hajauliza, "Muturi yuko?" Maana yake, mtaje mtu au kitu kilichoingia mwisho kabisa, kisha uniambie, ukibonyeza hapo, atakuwa ndani au nje? Kama hujui, ondoa mkono. Alistaafu akiuliza hivyo, na tulipomzika nilimwona Nyambura akilia kuliko wengi wa familia.

Basi nilipompigia Kimani nilimuuliza, "Ukimaliza, kitabaki nini?"

"Kila kitu, tata."

"Kila kitu si jibu. Nitajie mtu."

Akaguna, nyinyi vijana mnajua kuguna, akaenda kutazama. Akarudi. "Kuna mama anaitwa Njeri. Ameingia saa hii."

"Ukirudisha, Njeri yuko?"

Akatazama tena. Kisha nikamsikia akisema polepole, "Haiya. Hayuko."

Mwanangu, picha si nakala. Weka nakala ya kweli mahali pengine kabla hujagusa lolote. Angalia nafasi. Usichukue maneno ya host moja ukaenda nayo kwenye nyingine, hata kama vitufe vinafanana. Usimwambie mtu afute wala arudishe. Mwambie aunganishe, na umuulize nani atabaki. Na mtu akikuuliza swali, meza kwanza mandazi.

Kimani alifanya yote hayo, akaunganisha watu wakiendelea na kazi zao, bila kuzima. Kisha akanipigia, na alichosema kilikuwa maneno mawili tu: "Njeri yuko."

Mungu akutunze, mwanangu, akupe subira ambayo mimi sikupewa. Na siku majina yatakapoitwa, yoyote yale, lako lisomwe, na mtu ajibu kwamba upo.