Nilivyofumua Gauni la Bretagne

Binti yangu alipokaribia kuolewa na kijana wa Bretagne, kule Ufaransa, nilifunga duka langu la ushonaji hapa Jules Street, Malvern, nikawaambia wateja wanisubiri wiki mbili. Kwao yule kijana ni kijiji kidogo: kanisa la mawe, duka moja la mikate, ofisi ya meya, kisha mashamba ya kabichi na ng'ombe mpaka macho yachoke.

Siku mbili kabla ya harusi, mama wa bwana harusi alileta gauni jeusi la mahameli, lililotariziwa kifuani kwa uzi wa manjano. Bibi yake aliolewa nalo, na yeye mwenyewe pia. Binti yangu akalijaribu. Mgongoni likakataa kufunga. Nafasi ilikuwa pana kama kiganja.

"Eish, Mama, halinitoshi," akaninong'oneza kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hakizungumzi.

Mama mwenye gauni akaanza kulikunja polepole. "Basi, avae jingine," akasema, bila kututazama.

Kifaransa changu ni cha Lubumbashi nilikokulia, lakini kinatosha. "Nipe mkasi mdogo," nikamwambia.

Akalikumbatia gauni. "Madamu, hili halikatwi."

"Sikati. Nafumua."

Nikaligeuza, nikamwonyesha mishono ya ubavuni. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa kwa ndani, vidole viwili kila upande. Fundi wake wa zamani aliacha akiba, kama ninavyoacha mimi.

"Alijua mwanamke hakai na mwili mmoja," nikasema.

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Mimi nililivaa siku nzima bila kuvuta pumzi," akakiri.

Nilishona kwa mkono mchana kutwa kwenye meza yake ya jikoni. Yeye alikaa mbele yangu akifuatilia kila mchomo wa sindano, hata chapati nyembamba alizokuwa akipika zikaungua. Sikuwa na wasiwasi. Jambo moja tu lilinishinda: mahameli iliyokuwa imefichwa ndani ilikuwa nyeusi zaidi kuliko iliyopigwa na mwanga, kwa hiyo ubavuni ulitokea mstari. Nilimwambia wazi kwamba hautaondoka.

Meya, ambaye jana yake nilimwona juu ya trekta, ndiye aliyewafungisha ndoa. Nje ya ofisi, wanawake wazee walimzunguka binti yangu wakigusa ule mstari. Nilidhani wanalalamika. Mama wa bwana harusi akawaeleza kwa lugha yao, kisha akanigeukia: "Wanauliza kama utapokea kazi kesho."

Nilipokea. Suruali, makoti, hata pazia la kanisani.

Siku hizi mama wa bwana harusi mwenyewe amenunua cherehani. Hunitumia picha za mishono yake kwenye simu, nami namjibu kutoka dukani, kati ya mteja na mteja: "Fumua, rudia."