Upande wa Ukutani

Wauguzi walimwita Mama Pasi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Tangu ujana hadi siku ya kustaafu alisimama katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi, akinyoosha mashuka ya wagonjwa. Kazi hiyo, kwa mtu aliyeipenda, ilikuwa pia elimu. Shuka likiletwa kabla ya kufuliwa, alilitandaza, akalitazama, akajua kama aliyelilalia aliumwa tumbo au mgongo, kama alilala au alikesha, kama aligeukia ukuta kwa huzuni au alikaa ukingoni akiwaza kutoroka. Wasichana waliokuja kujifunza kazi walidhani ni uchawi.

"Uchawi gani?" aliwauliza. "Mwili huandika. Ninyi mnasoma barua za wavulana, mimi nasoma hizi."

Mumewe alikuwa dereva wa malori, na mtaani walimwita Usukani. Miaka ya kukaa kitini ilimharibu nyonga ya kulia, akawa anachechemea. Kitandani alilala upande wa mlangoni, kwa ubavu wa kushoto, goti la kulia amelikunja, mkono ameusukuma chini ya mto. Mama Pasi alilala upande wa ukutani, na asubuhi za zamu ya mapema ilimbidi atambae hadi miguuni pa kitanda ili ashuke bila kumwamsha. Mzee aliamka hata hivyo. Ukimwita Usukani kutoka popote, hata usingizini, alijibu mara mbili: "Nipo, nipo."

Mwezi uleule ambao wenzake kazini walimpa mkono wa kwaheri, mumewe naye akampa wake.

Siku za msiba zilipokwisha na wageni wakarudi makwao, Mama Pasi alitandika shuka safi, akakunja pembe kama bahasha, akabadili foronya zote mbili, akalala mahali pake, ukutani. Mwili wake ulikuwa na desturi ya kuamka kabla ya akili. Zamu za alfajiri zilikuwa zimeufundisha hivyo. Asubuhi ile akili ilipofika ilimkuta jikoni, kikombe mkononi, chai imekwisha kumiminwa. Aliporudi chumbani mwanga ulikuwa umeingia, akakitazama kitanda.

Upande wa mlangoni palikuwa pamelaliwa.

Hakupiga kelele. Aliinama kama alivyoinama mezani maisha yake yote, akasoma. Hapa bega. Hapa nyonga ya kushoto, imezama kama inavyozama ya mtu anayeihurumia ile nyingine. Hapa goti lililokunjwa. Chini ya mto, mikunjo iliyosukumwa na mkono ilikuwa imerundikana kama maji yaliyozibiwa njia. Akaketi sakafuni, na chai ikapoa mkononi.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Basi mjane yule akajipatia kazi mpya, ambayo hakumwambia mtu. Kila siku aliliondoa shuka lile, akalifua, akalianika, akalipiga pasi mpaka likawa kama karatasi, akalitandika upya ili lipate kuandikwa. Asubuhi alilisoma. Leo amelala vizuri. Leo amegeuka sana, labda mvua imemsumbua nyonga. Furaha yake ilikuwa ya kuibia, na kama furaha zote za kuibia, ilimfanya awe mkali kwa watu. Hakutaka mgeni alale kwake. Hakutaka kulala kwa mtu.

Binti yake pekee, mwalimu wa chekechea aliyekaa upande wa pili wa mji, alikuja kumbembeleza kwa ile sauti anayotumia na watoto wagumu.

"Mama, njoo ukae kwangu. Hata wiki moja."

"Wiki moja ni nyingi."

"Siku mbili basi. Chumba kipo, kitanda kipo."

"Changu kitapoa."

Binti alicheka akidhani ni utani, na Mama Pasi akamwacha adhani hivyo.

Aliyefuata kubisha hodi alikuwa jirani wa mlango wa pili, fundi viatu waliyemwita Gundi, rafiki wa marehemu. Mama yake alikuwa amepatwa na kiharusi, hawezi kujigeuza kitandani, na mgongo umeanza kuchubuka.

"Shemeji, wewe umeshika mashuka ya hospitali miaka yote. Njoo utuonyeshe namna ya kumtandikia. Mimi na mke wangu tukimvuta huku, kule panajikunja."

"Leo nina kazi."

"Kazi gani, na wewe umestaafu?"

"Kustaafu si kufa, Gundi."

"Sijasema umekufa. Nimesema umestaafu." Akaondoka. Alirudi mara nyingine, na jibu likawa lilelile. Shuka lilikuwa halijakauka.

Siku moja kiatu chake kilifunguka soli, akampelekea. Gundi alikigeuza, akakileta karibu na dirisha.

"Shemeji, umeniletea kiatu cha Usukani."

"Macho yako yameingia gundi. Usukani alikuwa na mguu mdogo hivi?"

"Kiatu ni chako. Kisigino nakisema ni chake." Akakipitishia kidole gumba upande wa nje, palipolika kwa mshazari. "Kulika huku nakujua, nimekuziba mara nyingi. Unaumwa mguu?"

"Siumwi popote."

"Viatu havidanganyi, wateja ndio hudanganya." Alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Jana nimesikia hatua zako ukumbini, nikanyanyuka kumfungulia mlango. Nimeshafika kwenye komeo ndipo nikakumbuka kwamba tumemzika."

Mama Pasi alimwambia atie gundi aache hadithi. Lakini alipokuwa akirudi kwake alijaribu kutembea sawasawa, na akagundua kwamba inambidi afikiri.

Ndipo alama zikaanza kuhama. Kila asubuhi bonde la nyonga lilikuwa karibu zaidi na ukingo wa godoro, hadi siku moja goti lilikuwa limeandikwa nusu tu, nusu nyingine ilikuwa hewani. Alimjua mtu alalaye hivyo. Wodini waliitwa wasafiri. Usukani alikuwa anaondoka. Mara ya kwanza alikwenda bila kuaga, na sasa alikuwa anakwenda polepole, mbele ya macho yake, kana kwamba anamwomba ruhusa. Mama Pasi hakuwa tayari kuitoa. Alichomeka shuka kwa nguvu chini ya godoro. Akasogeza kiti kizito, akakibana na ukingo wa kitanda, kama wafanyavyo wenye watoto wadogo. Hata hivyo asubuhi kiti kilikuwa kimesukumwa.

Akaamua kumngoja. Kama usiku hautoshi, atalala na mchana, awepo mzee atakapokuja, amshike. Alasiri moja alifunga pazia, akalala ukutani, uso ameuelekeza mlangoni. Chumba kilikuwa cha rangi ya chai hafifu. Akasikia jirani akigonga misumari, kisha hakusikia tena.

Kilichomwamsha ni sauti ya binti yake kutoka mlangoni, nyembamba, ya mtoto kabisa.

"Baba?"

Mama Pasi alifumbua macho. Binti alikuwa ameegemea fremu, mkoba umemwanguka miguuni. Uso wake ulikuwa karibu mno. Ilimchukua muda kuelewa sababu: yeye mwenyewe alikuwa upande wa mlangoni, ukingoni kabisa, kwa ubavu wa kushoto, goti limekunjwa juu ya kiti, mkono chini ya mto.

"Umeniitaje?" aliuliza.

"Samahani, Mama. Ni giza la pazia."

"Umeita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na ile ya kwanza, nilijibu?"

Binti aliokota mkoba. "Tuache hayo. Nikuchemshie chai."

"Nilijibu nini?"

"Mama, usiniulize."

"Nilisema nipo, nipo."

Binti alitazama sakafu, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa sauti ya nani?"

Binti alikwenda kufungua pazia.

Mama Pasi aliketi na kugeuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliutazama upande wa ukutani. Shuka lilikuwa limenyooka kama lilivyotoka mezani. Mto wake ulikuwa umeumuka, haujabonyezwa, na katikati ya foronya ulipita mstari wa pasi aliouweka mwenyewe siku wageni walipoondoka. Foronya ya upande wa mlangoni alikuwa ameibadili mara nyingi. Hii hakuwahi kuigusa, kwa kuwa haikuwahi kuchafuka. Mpiga pasi huutafuta mkunjo. Palipolainika hana shughuli napo, hupita. Miezi yote ile alikuwa amepita.

Kitanda kile, basi, kilikuwa kimelaliwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Usukani. Aliyekosekana alikuwa yeye, hata kila alipodhani amejilaza ukutani. Alikumbuka kwamba tangu msiba hakuwahi hata mara moja kutambaa miguuni pa kitanda ili ashuke. Mwili wake umekuwa ukiamka tayari u upande wa mlangoni. Na yule aliyesogea ukingoni kila siku, yule aliyekuwa anaondoka, alikuwa nani?

"Nyani haoni kundule," alisema, na akacheka kidogo. Kicheko chenyewe kilitoka kizito, cha kifuani, na wote wawili walikisikia.

"Unafungasha," binti alisema. "Leo hii unakuja kwangu."

"Hapana."

"Mama..."

"Nikija leo, utakayemkaribisha kwako ni baba yako. Atakula kwako, atachechemea kwako, na mimi utanitafuta usinione. Nisubiri. Ngoja kwanza nimtoe."

Hakukuwa na sherehe yoyote. Aliliinamia lile bonde, bado lina joto, akalisoma kwa mara ya mwisho, bega, nyonga, goti. Kisha akaweka kiganja juu ya bega na kukivuta, kama anavyofanya mtu kabla ya kuweka pasi, na mkunjo ukafuata mkono. Nyonga ilikataa. Ilimbidi aipitie tena na tena, na binti akaona machozi yakidondoka, akasogea kusaidia.

"Usiguse," Mama Pasi akamwambia kwa upole. "Huyu ni wangu."

Alipomaliza alilala ukutani, na binti akaketi kwenye kile kiti akimlinda hadi giza lilipoingia. Kila mwili wake ulipoanza kusogea, binti alimwita: "Mama." Naye akajibu, kwa kusitasita, mara moja tu.

Asubuhi alibisha kwa Gundi, shuka lililopigwa pasi likiwa mkononi. Mgonjwa alilala akitazama dari. Mama Pasi akawaonyesha namna ya kumgeuza ubavu, kulikunja shuka chakavu hadi mgongoni, kulilaza jipya nyuma yake, kisha kumvusha kama anayevushwa mtaro. Halafu akapitisha kiganja chini yake akitafuta mkunjo, maana mkunjo mmoja uliosahaulika leo ndio kidonda cha kesho.

"Nilidhani ni Usukani," bibi alisema kwa ulimi mzito. "Nimesikia hatua zake."

"Ni zangu, mama. Naziacha kidogo kidogo."

"Ziache," bibi akasema. "Hazikupendezi."

Gundi alitoa habari kwa wateja wake, na wateja wakawapa wengine. Ikawa watu wenye mgonjwa nyumbani wanamwita Mama Pasi awafundishe kutandika kitanda chenye mtu ndani yake, na siku nyingine aliondoka asubuhi akarudi jioni, amechoka uchovu ule wa zamani anaoujua. Kuna asubuhi alikuta upande wa mlangoni pamelaliwa tena. Alipanyoosha, akaenda zake kazini.

Msimu ulipogeuka alikubali kulala kwa binti yake. Asubuhi alirudi chumbani kutoka bafuni, akamkuta binti amesimama juu ya kitanda, anakikagua, mikono nyuma.

"Unatafuta goti," Mama Pasi alisema.

"Natafuta."

"Umeliona?"

"Sioni kitu. Naona mtu aliyelala ovyo, amevuruga shuka lote, na mto kautupa chini."

"Basi huyo ni mama yako. Baba yako alikuwa analala kwa adabu."

Binti hakucheka. Mama Pasi aliokota mto, akauweka mahali pake, akaelekea jikoni. Alijua kwamba nyuma yake anasikilizwa anavyotembea. Mguu wa kulia bado ulichelewa kidogo, naye hakuuharakisha.