Sahani ya Plastiki Ukweni Kinondoni

Jamani, hii aibu nimekaa nayo muda, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto, lakini ngoja niwaambie tu, maana aibu yenyewe yangu ni robo, robo tatu ni ya watu wengine.

Mie na mchumba wangu Nassor tulienda kupima damu kabla ya ndoa, kuangalia kama tuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Ijumaa niko stendi ya Mbezi Luis nampokea mama mdogo anayetoka Lindi kwa ajili ya harusi, simu ikaingia meseji ya hospitali: selimundu huna, ila tumeona badiliko moja kwenye vinasaba vyako, tafadhali piga simu upate maelezo.

Badiliko! Kwenye vinasaba! Mtu mwenye akili angepiga simu kama alivyoambiwa. Mie nikaona kwanza nimtumie dada yangu Asha, nikapiga picha ile meseji, nikaituma huku mkono mwingine umeshika kiroba cha korosho, kumbe nimeituma kwenye grupu la kamati ya harusi. Nikaona kosa, nikakimbilia kufuta, na kwa ile haraka nikabonyeza “futa kwangu” badala ya “futa kwa wote”. Yaani imefutika kwangu tu, wenzangu wote wanayo na mie siwezi tena kuigusa.

Grupu likawaka. Mmoja anauliza linaambukiza? Mwingine ananitumia dua, wa tatu (hata mchango hajatoa!) anauliza kama ukumbi unaweza kuahirishwa. Nassor kimya. Nikajisemea maskini, kashtuka.

Jumapili shangazi yake, Bi Zuwena, akatuita nyumbani kwao Kinondoni. Huyo ndiye aliyemlea Nassor, wana duka la vitambaa tangu enzi za babu yao aliyetoka Omani, na akisema neno pale ndani limepita. Nikaenda na mama, tumetoka Chanika tumejipamba, shikamoo, marahaba, pilau ikaja. Watu wote wanakula kwenye sahani za udongo zenye maua. Mie nikawekewa ya plastiki, zile za kutupa. Mama akaiangalia ile sahani, akaniangalia mie, akaacha kula.

“Mama Somoe,” Bi Zuwena akaanza, “sie hatuna ubaya na mtoto wako. Ila damu yetu inajulikana, haijawahi kuwa na mabadilikobadiliko. Tunaomba ndoa isimame kwanza.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikapandwa na hasira, nikampigia daktari hapohapo, nikaweka sauti kubwa, nikamwambia niko na wakwe, sema tu wote wasikie.

“Dada, mbona ulikuwa hujapiga?” akasema. “Kila mtu ana mabadiliko kibao kwenye vinasaba vyake. Hili lako ni la kawaida, tunalikuta kwa watu wengi mno ambao ni wazima kabisa. Lingekuwa linaleta ugonjwa, hao wote wangekuwa wanaumwa. Ndiyo maana limewekwa kwenye kundi la yasiyo na madhara.”

“Na watoto je?” Bi Zuwena akadakia.

“Wanaweza kulirithi, mama, na wasipate tatizo lolote.”

Nikashukuru, nikakata. Bi Zuwena akajitengeneza mtandio. “Haya, halina madhara. Lakini kwetu halipo.”

Ndipo Nassor akakohoa. “Shangazi, hata mimi ninalo. Hilohilo.”

Nikamuuliza, “Tangu lini?”

“Alhamisi. Nilimpigia daktari, akanieleza, nikaona si ishu.”

“Na kwenye grupu ulisoma?”

“Nilisoma.”

“Na hii sahani umeiona?”

Akaangalia chini. “Nilikuwa natafuta muda mzuri.”

Muda mzuri! Watu wananiombea dua kama marehemu, mama yangu anadhalilishwa mbele ya pilau, yeye jibu analo mfukoni na anatafuta muda mzuri! Mama akanyanyuka. “Somoe, vaa viatu.” Tukaondoka, na Nassor akatufuata mpaka barabarani, Somoe nisamehe, Somoe nilimwogopa shangazi. Nikamwambia mie sina neno na wewe mpaka uandike kulekule nilikoaibikia mie.

Usiku uleule akaandika kwenye grupu: “Ndugu zangu, badiliko la Somoe hata mimi ninalo, daktari kasema halina madhara, nilijua kabla yenu nikanyamaza. Anayetaka ndoa isimame aniambie mimi.” Kikatokea kimstari kidogo tu: Bi Zuwena ametoka.

Harusi ilifanyika, na Bi Zuwena alikuja, akakaa meza ya mbele, akala vizuri tu kama hakuna kilichotokea. Samahani yake naisubiri mpaka kesho. Nassor nilimsamehe, ila ilimbidi kwenda Chanika peke yake kumpigia mama magoti, na nilikataa katakata kumsindikiza. Na tangu siku ile nimeapa: jibu lolote la damu yangu, daktari kwanza. Hata Asha atasubiri.