Siku Tatu Soko Letu Lilipojifanya Safi

Na msiniambie tena eti shangazi alijitakia! Alijitakia nini? Mtu kala vumbi lenu miaka yote hiyo, leo uwanja wake unataka kugeuzwa maegesho ya malori, nyie mmekaa vibarazani mnasema, "Si aliwakaribisha mwenyewe wale wa ofisi?" Waliomponza ni sisi. Wa kwanza mimi. Tulieni niwaambie.

Mimi nashona magunia. Nakaa mlango wa nyuma wa soko na shazia langu, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Nyuma yangu ndipo uwanja wa shangazi. Ni dada yake marehemu baba, ndiye aliyenilea, na ndiye mnayemwita Bi Mvuke kwa sababu kila asubuhi kwake kunafuka moshi usio na moto.

Alifagia soko hili miaka kumi na mmoja. Majani ya kabichi, maganda ya maharage, magunzi, nyanya zilizopasuka, vyote vilikwenda korongoni. Mwaka mmoja korongo likaziba, mvua ikapiga, maji yakakosa njia yakaingia chumbani kwetu na kabichi zinaelea juu. Shangazi alipanda kitandani na ufagio wake mkononi, akasema, "Haya, soko limenifuata mpaka nyumbani."

Kuanzia hapo akaacha kumwaga korongoni. Akaomba ofisi ya mji ule uwanja mtupu, wakamwambia autumie tu. Karatasi hawakumpa.

Rundo la kwanza alilikosea. Alijaza kabichi tupu, likaoza, likanuka mpaka fundi viatu akahama na meza yake. Watu wakamcheka. Akajaribu tena na tena mpaka akajua: chini mabua makavu, juu yake majani mabichi, samadi kidogo, udongo kidogo, maji ya kunyunyiza, halafu unarudia. Katikati anachomeka nondo ya chuma. Asubuhi anaichomoa na kuishika. Ikimuunguza, rundo linafanya kazi. Ikiwa vuguvugu, lina njaa ya hewa, analipindua. Ikiwa baridi, limelala, anatafuta kosa. Baada ya miezi mitatu anatoa mbolea nyeusi, laini, inanukia kama udongo ulionyeshewa. Wakulima wa bondeni wanaifuata kwa mikokoteni.

Sasa ndipo akaja yule kijana wa ofisi, na mizani ya kuning'iniza, daftari na viatu visivyojua tope. Sisi tukambatiza Bwana Mizani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kwenye ndoo hiyo, safi."

Akaeleza. Ofisi inataka kujua kama taka za mazao za mji huu zinatosha kuanzisha kiwanja cha mbolea. Atapima siku tatu za soko. Zikitosha, uwanja utawekwa paa, na shangazi atakuwa msimamizi. Zisipotosha, uwanja unapewa malori.

Shangazi uso ukamng'aa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mimi nikakunja wangu. Mkono mtupu haulambwi. Tangu lini mtu wa ofisi akashika kabichi bovu kwa mapenzi?

"Mbona unaandika kila meza?" nikamuuliza.

"Nijue taka zinatoka wapi."

"Ili iweje?"

"We mtoto," shangazi akanikata, "mwache mgeni afanye kazi yake."

Nikanyamaza mdomo, moyo haukunyamaza. Siku hiyohiyo nikamnong'oneza muuza nyanya: "Huyo anawaandika wachafu. Nahisi wanataka kupunguza meza." Nahisi! Nilisema nahisi! Mpaka jioni maneno yalikuwa yameota miguu: atakayekutwa na taka zaidi ya gunia moja anahamishwa sokoni. Nikayasikia na mimi yakinirudia kutoka kwa muuza maharage, nikasema, ebo, lisemwalo lipo. Nikaamini uongo wangu mwenyewe.

Siku ya kwanza ya kupima, kabla soko halijachangamka, watu wakanijia.

"Dada, una magunia yaliyotoboka?"

"Ninayo mazima."

"Mazima ya nini? Nipe mabovu."

Nikauza. Yale yaliyokaa pembeni mwezi mzima yote yakaondoka, nami nikafurahi kama mwendawazimu, sikuuliza. Kumbe wanajazia taka. Wengine walizitupa juu ya bati, wengine wakazirudisha korongoni. Muuza maharage aliyakalia maganda yake kutwa nzima, mgeni akipita anajifunika khanga miguuni na kusema goti linamuuma. Meza ya mzee wa vitunguu, ambayo sijawahi kuiona miguu, siku hiyo ilikuwa safi kama ya daktari.

Ikawa hivyo siku zote tatu. Ya mwisho Bwana Mizani akajumlisha, akaikuna shingo.

"Magunia manne na nusu. Soko zima?"

Akaenda kwenye rundo la shangazi, akaishika nondo bila kuambiwa, akaruka. "Lo! Mama, mbolea yako inaiva kweli. Tatizo, chakula chake hakipo. Kwa namba hizi siwezi kuandika kwamba inawezekana."

Shangazi akabaki ameshika uma wake wa kupindulia.

Nyumbani aliosha mikono muda mrefu kuliko kawaida, halafu akaniuliza, "Siku hizi tatu magunia mabovu umeuza mangapi?"

"Yote."

"Wameyanunulia nini?"

Nikaanza kutafuna kucha.

"Nimekuuliza wewe, sijauliza kucha."

Nikamwambia. Niliomba anipige. Hakunipiga, hata hakupaza sauti. Alisema tu, "Kumbe ni wewe," akaenda kulala na nguo za kazini.

Asubuhi alinishika kiwiko mpaka ofisini, mwanamke mzima mimi, tunapita mbele za watu. Nikayasema yote kwa Bwana Mizani.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Soko la meza mia mbili litoe taka za kuku wawili? Ripoti naitoa Ijumaa. Naweza kupima Alhamisi, mara moja tu. Tukikosa, mama, mimi sina la kufanya."

"Na yale majina uliyoandika?" nikauliza, maana aibu haikuniponya shaka.

Akanigeuzia daftari. Hakuna jina la mtu. Mstari wa kwanza, kabichi. Mstari wa pili, maharage. Basi.

"Na malori ni ya nani?"

"Hilo sijui." Alijibu haraka mno, akatazama dirishani. Shangazi akanikanyaga mguu, nikafunga mdomo.

Nikarudi sokoni kufuta maneno yangu. Kuyatoa ilikuwa dakika moja. Kuyarudisha, nimekauka koo.

"Juzi tunahamishwa, leo hatuhamishwi," muuza nyanya akanirushia mbele za watu. "Umepewa nini, mwenzetu?"

"Nimepewa aibu."

"Aibu hailiwi. Sema ukweli, wamekupa kazi?"

Wakacheka. Muuza maharage akasema mimi na shangazi tumeshanunuliwa, na tukipata paa letu tutawasahau. Nilitaka kumrushia shazia. Lakini ningesema nini? Huo ndio wimbo nilioufundisha mimi mwenyewe. Ndiyo maana nimeandika hii na kuibandika hapa mlangoni, kwa sababu karatasi haiwezi kuzomewa.

Basi sikilizeni. Alhamisi, tangu soko linafunguliwa mpaka linafungwa, kila mtu aweke taka zake mbele ya meza, zote. Za siku hiyohiyo, msilete za zamani mlizoficha, tusimdanganye mara ya pili kwa upande mwingine. Msizikalie. Msizirushe juu ya bati. Korongoni nitakuwepo mimi mwenyewe, na atakayekuja huko na gunia tutaonana. Humwamini Bwana Mizani? Hata mimi simwamini. Njoo usimame karibu na mizani, soma namba kwa macho yako, iandike kwenye karatasi yako. Lakini taka zako zitoe.