Hodi Tatu Kwenye Hosteli ya Chuo

Dada yangu alinitania tangu siku ya kwanza. "Wewe hata mkate unaniagiza mimi, leo unaenda kulea watoto wa watu chuoni?" Hakukosea. Nimeishi Toongabbie, pembezoni mwa Sydney, miaka sita, na njia ninayoijua vizuri ni ya kutoka kitandani hadi kwenye birika. Lakini kozi yangu ya ulezi wa wanafunzi, iliyokubali mtu wa kidato cha nne, ilidai wiki tatu za mafunzo kwa vitendo kwenye hosteli ya chuo kikuu. Meneja akisaini fomu, napata cheti, na huenda na kazi palepale. Nikajiambia, kuwaangalia watu wanaojifungia vyumbani nitashindwaje, na mimi ni mwenzao?

Meneja alinipa sheria. Ukaguzi wa vyumba kila Jumatano: gonga mara tatu, jitambulishe, kukiwa kimya fungua kwa ufunguo wako, hakikisha mtu ni mzima, andika.

Mimi nikigonga naita na hodi, mdomo umezoea. Msafishaji wetu, mama wa Kikongo anayekuja kwa treni kutoka Fairfield, akanisikia, akaegemea ndoo yake.

"Weye, mu-Tanzania! Unapiga mulango sawa mwenye anakuja kuomba chumvi. Fungula!"

"Mama, mwenyewe hajanikaribisha."

"Atakukaribisha na Kiswahili gani? Fungula, tuende tukule."

Wiki ya pili nikafika chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu. Ndani alikaa kijana wa mwaka wa kwanza, mgeni nchini kama mimi. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, mtu akakohoa.

Basi. Kwetu, mtu akikohoa asiseme karibu, ameshasema: nipo, lakini leo nisamehe. Mama yangu alikuwa akitutuma mlangoni tuseme hayupo, huku yeye anakohoa nyuma ya pazia, na mgeni anaacha salamu na kwenda zake bila kinyongo. Ufunguo ulikuwa mkononi. Kuutumia nikaona ni uhuni. Nikaandika: hayupo. Nikashuka ngazi nikijisifu kwa malezi yangu mema.

Ijumaa yule mama alikwenda kusafisha. Yeye hana hodi. Akamkuta kijana sakafuni, anaungua kwa homa, midomo imepasuka kwa kiu. Gari la wagonjwa likaitwa.

Meneja naye akaniita mimi. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake.

"Uligonga?"

"Niligonga."

"Hukusikia kitu?"

Ningeweza kusema sikusikia, nani angejua. Nikasema nilisikia kikohozi.

"Ulisikia mtu, ukaandika hayupo?"

Nikaanza kumweleza mambo ya kwetu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana juha. Akairudisha fomu yangu ya mafunzo kwenye droo bila kuisaini. Siku zilizobaki nikapewa kazi ya kupanga vifurushi mapokezi.

Kijana alirudi wiki ya tatu, amekonda, ameshika maua ya kumpa yule mama. Mama, furaha imempanda, akanisonta. "Na huyu ndiye alikupigia hodi Jumatano!"

Kijana akanigeukia, wala hakuwa na hasira, na hapo ndipo paliponiuma. Alisema alinisikia. Sauti ilikuwa haitoki, akajilazimisha kukohoa ili nijue yumo. Halafu akasikia viatu vyangu vinaondoka.

"Kwa nini hukufungua?"

"Nilidhani hutaki mgeni."

Akasema tangu afike Sydney hajapata mgeni hata mmoja, angemkataa wa nini?

Nikamwomba radhi. Akasema haidhuru, akaingia kwenye lifti. Mama alikuwa ameacha kucheka, anapanga maua yake kwenye ndoo. Cheti sikupata, na sikwenda kukidai.