Kaka Anaongezeka

Nilikwenda Marekani na stashahada ya ufugaji na begi lenye zipu mbovu. Niliporudi Morogoro nilikuwa nimejenga kampuni ya kusafisha maofisi Houston, yenye magari matatu na watu kumi na mmoja niliowaajiri mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba yaliyotokea Arlington hayakufanywa na mtu asiyesoma.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka sita na aliyeishi Arlington, mji mwingine wa Texas, alipasuliwa moyo mwaka 2018. Alikuwa mwembamba tangu utotoni, na miezi ya kuumwa ilimkausha zaidi. Daktari alituambia wazi kabla ya upasuaji: mtu mnene kupita kiasi husumbuliwa na kidonda cha kifuani, lakini mwembamba kama huyu naye ana hatari yake, kwa sababu mwili hauna akiba ya kujijengea. Niliposikia hivyo moyo wangu ulitulia. Kunenepesha ni kazi niliyoisomea. Chuoni nilikuwa namtazama fahali zizini nakisia uzito wake, na nikikosea ni kwa kilo mbili tatu.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali niliwaachia wafanyakazi kampuni, nikajaza gari nyama ya mbuzi na makongoro kutoka maduka ya Alief, mtaa wa huko Houston, nikaendesha hadi Arlington. Mke wake alikuwa anafanya kazi kwenye ghala huko Mansfield na hakuwa na likizo iliyobaki. Tukakubaliana mchana wote kaka atakuwa mikononi mwangu.

"Shemeji, wamesema chumvi kidogo sana," aliniambia akivaa viatu vya kazi.

"Jiko niachie mimi. Wewe nenda, ukirudi utamkuta na mashavu."

Kaka alicheka huku amekumbatia mto kifuani, maana mshono ulimvuta kila alipocheka. "Mwache bwana mifugo," akasema. "Safari hii ndama ni mimi."

Hospitali walikuwa wamempa karatasi. Apimwe uzito kila asubuhi kabla ya kula, uandikwe, na ukipanda zaidi ya paundi mbili kwa siku moja, au tano kwa wiki, ipigwe simu mara moja. Namba ilikuwa hapo hapo chini. Niliisoma yote, Kiingereza hakinisumbui. Nikaamua maneno hayo yameandikwa kwa ajili ya wale Wamarekani wanene waliotakiwa kupungua. Sisi tulitakiwa kuongezeka. Nikaibandika kwenye friji, nikawa najaza uzito kwa mwandiko mzuri, halafu nawatumia ndugu wa nyumbani kwenye kundi letu la simu: Kaka anaongezeka. Walijibu kwa kumshukuru Mungu na kunishukuru mimi.

Na kweli alikuwa anaongezeka. Siku ya tatu paundi mbili na nusu, ya nne mbili tena. Warundi wa jumuiya yake kanisani walikuja na sufuria za maharage na ndizi, wakamtazama uso, wakapiga makofi. "Mzee, umerudi!" mmoja alisema. "Umeanza kung'aa kabisa." Nikawapakulia supu. Ilikuwa na chumvi ya kutosha, kwa sababu bila chumvi hakuna mgonjwa anayekula, na mimi nilitaka ale.

Siku ya tano aliacha kulala kitandani. Alikaa usiku kucha kwenye kochi. "Nikilala chali nazama," alisema. Nilimwambia ni mshono.

Jioni ile shemeji alirudi kazini, akapiga magoti mbele yake, akamvua soksi, akamkandamiza muundi kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Shemeji, njoo uone. Napiga simu."

"Utawaambia nini? Kwamba mgonjwa wako anakula?"

"Nitawaambia anavimba."

"Shemeji, wewe unapanga maboksi. Mimi nimesomea miili."

Alikuwa ameshashika simu. Aliiweka mezani, akaenda kuoga. Kaka alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi.

Asubuhi ya siku ya saba niliweka mizani mbele yake, akashindwa kunyanyua mguu kuipanda. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Ndipo nilipoita gari la wagonjwa. Nilichukua na ile karatasi, nikiamini itawasaidia kuona alivyokuwa anaendelea vizuri.

Muuguzi aliisoma mstari kwa mstari. "Nani ameandika?" aliniuliza.

"Mimi."

Hakunigombeza. Alinieleza polepole kwamba hayo yalikuwa maji. Moyo ulishindwa kusukuma, maji yakajaa miguuni na kwenye mapafu, na chumvi iliyazuia yasitoke. Kwa siku sita mizani ilikuwa inatuambia hivyo. Wakampa dawa ya kuyakojoa maji, lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Alifariki baada ya siku kumi na moja, akiwa amevimba hadi kope.

Tulimsafirisha Morogoro. Jeneza lilipofunguliwa sebuleni kwa baba, shangazi yetu alisogea, akautazama uso ule wa mviringo ambao kaka hakuwahi kuwa nao maishani mwake. Aliguna, akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Mwanangu amenenepa," alisema. "Ulimtunza, baba. Ulimtunza haswa."

Wengine wakaitikia. Nimesifiwa mengi maishani, na mengi nilistahili. Sifa ile niliipokea pia.

"Nilijitahidi, shangazi," nikajibu.

Shemeji alikuwa upande wa pili wa jeneza. Alinitazama, kisha akainama akamfunika mumewe uso.