Tangu wafunge ukumbi wa TV hosteli, sina mahali pa kuketi naye

Admin, nifichie jina langu na la chuo, maana babangu anajulikana na watu wengi kuliko hao wafuasi wako.

Nina miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa tatu chuoni hapa Bungoma. Kwetu ni Myanga. Baba ni mzee wa kanisa na mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo mnaelewa vile ninaangaliwa. Mimi si mtu wa kuweka kitu rohoni. Nikikasirika naongea, nikipenda pia naongea. Lakini hili nimelimeza mpaka linanikaba.

Hosteli zetu zilikuwa na ukumbi mmoja wa TV. Waya ulitoka kwa dishi lililo juu ya jikoni, na viti vya plastiki havikutosha. Kwa hivyo tulikuwa na desturi ya kuwekea kiti: ukienda kula unaacha leso au koti juu yake, na hakuna anayegusa. Hata wale wavulana wa kelele za mpira waliheshimu leso. Siku moja nilichelewa kula, nikarudi nikapata leso yangu imehamishiwa kiti kingine, kando ya koti la kijana fulani. Nitamwita Swaleh.

Nikamuuliza, "Kwani nani alikutuma uhamishe leso yangu?"

"Pale ulikuwa umeweka paa linavuja," akasema. "Si nimekusaidia?"

Nikaangalia juu. Kweli lilikuwa linavuja. Nikaketi.

Mwaka mzima tuliketi hivyo, taarifa ya saa moja ikisomwa. Kwao ni Kitale mjini, karibu na msikiti, na mamake anauza nguo. Tulibishana kuhusu wanasiasa, akanicheka vile ninavyolia kwa vipindi vya mapenzi. Hatukushikana hata mkono. Na hakuna aliyeuliza Mkristo wa Myanga na Mwislamu wa Kitale wanafanya nini pamoja, kwa sababu tulikuwa tunatazama taarifa kama watu wengine wote. Nilimpendea hapo, mbele ya watu.

Muhula huu tumerudi tukapata ukumbi umefungwa. Ati kwa vile intaneti ya kasi imefika, waya wa zamani umetolewa, TV inapitia mtandao wa chuo na kila mtu atazame kwa laptop yake chumbani. Wazazi waliambiwa kwa mkutano kwamba sasa wasichana watatulia. Baba alifurahi sana, akaninunulia laptop, kisha akanipigia simu.

"Mama," akasema, huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mamake, "sasa hakuna haja ya kuzunguka jioni. Tulia kwa chumba, taarifa itakufuata huko huko."

Nikamwambia asante.

Kutulia gani, jamani. Hiyo TV inakwama kila mara. Chumba cha pili wanashangilia bao wakati kwangu mchezaji bado anakimbia. Nabeba laptop mpaka dirishani, narudi kitandani, natoka kwa korido, narudi tena. Wenzangu wanadhani natafuta mtandao. Mimi namtafuta mtu.

Swaleh aliniambia nije tutazame chumbani kwake. "Si ni taarifa tu, bana."

Nikakataa. Nikamwambia, "Ukumbini nilijiamini kwa sababu kulikuwa na watu. Huo mlango ukifungwa, mimi sijiamini, na wewe pia sikuamini."

Alikasirika. Tukawa tunapitana na salamu ya "sasa" ya kupita tu. Na mimi naona watu wakitembeleana vyumbani wawili wawili, mlango umefungwa, laptop inaongea ndani, na wazazi huko nyumbani wanalala usingizi mzuri. Wivu ulinitafuna. Nilidhani naye amepata wa kutazama naye.

Juzi akaningoja nje ya maktaba. Akasema, "Nimefikiria vile ulisema. Ni kweli, hata mimi sijiamini." Akaniambia amemweleza mamake kila kitu, hadi habari ya leso na lile paa. Mama hakugomba. Alisema hivi: "Mwambie aje Jumamosi atazame taarifa hapa kwangu, na mimi nikiwa nimeketi. Mwambie kiti chake nimemwekea."

Nililia pale pale mbele ya watu wanaorudisha vitabu.

Lakini Kitale si mbali, na shangazi yangu, dadake baba, ameolewa Kibomet, pale pale Kitale, na mdomo wake hauna pazia. Nikiingia kwa ile nyumba, mimi si mtu wa kutazama taarifa tena, ni msichana aliyeletwa nyumbani. Kabla ya ibada ya Jumapili baba atakuwa amejua. Alishasema binti yake akiolewa nje ya kanisa asimwite baba tena, na namjua, hasemi ovyo. Nikimwambia kwanza atanikataza, na sijawahi kuvunja neno lake. Nisipoenda, Swaleh amesema hatanialika tena. "Chumbani sitakuita, na ukumbi hakuna. Mahali pengine sina."

Jana baba akapiga tena. "TV inafanya kazi?"

"Inafanya, baba."

"Na umetulia?"

Nikasema nimetulia. Nilikuwa nimesimama kwa korido, kiatu kimoja mguuni, sijui nilikuwa naenda wapi.

Jumamosi ni kesho kutwa. Leso nimeshaifua na imekauka. Mnaotaka kuniandikia nitulie, msijisumbue, nimejaribu. Wengine nishaurini: nifanye nini? Niende nikaketi, nimpoteze baba, ama nimwache yule mama aangalie kiti kitupu mpaka taarifa iishe?